Mzazi ana presha na sukari yuko kijijini, wewe uko mjini: jinsi ya kumfuatilia vipimo vyake kila siku

Watu wengi wananiuliza wanunue mashine gani ya presha wampelekee mama kijijini, na mimi kabla sijajibu huwa nauliza kwanza, hizo namba atazisoma nani? Maana mashine inapima tu, haimpigii mtu simu, haibadilishi dozi, haiiti bodaboda saa nane usiku. Nimeingia nyumba nyingi mashine nzuri ipo juu ya kabati imefunikwa na kitambaa cha kufuma, mama anapima anaona 170 anashtuka, anamwambia mjukuu "leo presha imepanda", anakunywa maji analala, na mtoto aliyeinunua hiyo mashine yuko Dar hajui chochote mpaka siku anapigiwa simu mzee amepooza upande mmoja.

Na hili limeshapimwa na wataalamu. Mwaka 2010 zilitoka Marekani habari za utafiti wa wagonjwa 1,653 waliotoka hospitali na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, nusu yao waliwekewa mfumo wa kupiga simu kila siku kwenye mashine ya kurekodi sauti na kutaja uzito wao na hali zao, baada ya miezi 6 waliorudi hospitali au kufariki hawakuwa pungufu kuliko wale wasiokuwa na mfumo wowote. Halafu 2018 Wajerumani wakatoa wa kwao, wagonjwa 1,571, hawa nao wanapima nyumbani uzito, presha, mapigo na oksijeni lakini namba zinaingia kila siku kwenye kituo kimoja cha hospitali ya Charité pale Berlin ambako madaktari na manesi wapo saa 24, namba ikienda vibaya mtu anapigiwa simu siku hiyohiyo. Huko siku za kulazwa ghafla zilipungua na vifo vilipungua. Wagonjwa wenyewe walikuwa tofauti kidogo, sawa, lakini mimi funzo langu naliona pale kwenye simu inayopigwa siku hiyohiyo. Muheza mkoani Tanga sisi hatuna Charité, ila mtu wa kupokea meseji na kupiga simu tunae, kwahiyo mwongozo huu unaanza na watu, mashine inakuja baadae.

HATUA YA 1: Panga watu kabla hujatoa hela dukani

Unahitaji watu watatu. Wa kwanza ni anayepima, anaweza akawa mama mwenyewe kama macho yake bado yanaona namba vizuri, au mjukuu anayekaa nae, au dada wa kazi, au jirani ambaye kila asubuhi lazima apite hapo. Wa pili ni anayepokea, na hapa nasisitiza awe MMOJA, sio familia nzima, kwa sababu mkiwa ndugu watano kwenye grupu kila mtu anaona meseji anadhani mwenzie ameshapiga simu na mwisho hakuna aliyepiga. Anayepokea awe na msaidizi wake wa siku akisafiri au akiumwa, basi. Wa tatu ni mtaalamu, daktari au tabibu au nesi wa kliniki ya presha anayomhudhuria mama, huyu mnamfuata ana kwa ana kliniki, mnamwomba namba ya simu kwa heshima na mnakubaliana nae ni jambo gani mnaweza kumpigia na ni jambo gani mnaenda moja kwa moja hospitali bila kumpigia. Wengi wao wanakubali vizuri tu ukiwaelezea kwamba hutawasumbua kila siku ila utakuja na rekodi zilizopangwa.

Na mzazi mwenyewe ashirikishwe jamani. Usimfikie na mashine na amri. Kaa nae, msalimie, ongea nae ya shamba na ya majirani, halafu mwambie "mama mimi nikiwa kule silali nikikuwaza, naomba kila asubuhi uniambie presha yako ili nitulie". Akiona ni kwa ajili ya amani ya mtoto wake atapima, akiona ni kwa ajili ya kumchunga kama mtoto mdogo atapima wiki mbili ataacha.

HATUA YA 2: Karatasi ya namba, ibandikwe ukutani

Hii ndio kazi kubwa ya mwongozo wote na watu wengi wanairuka. Siku ya kliniki mwombe daktari aseme namba za mama yako, sio namba za watu wote, maana mzee wa miaka 80 anayeanguka anguka hawezi kupewa lengo sawa na mtu wa miaka 45. Ukishazipata ziandike kwa maka nene kwenye karatasi moja, ubandike pale anapopimia.

Za kuanzia mazungumzo na daktari ni hizi. Presha inayopimwa nyumbani ikiwa wastani wake ni 135/85 au zaidi inahesabika iko juu, ona kwamba ni chini kidogo ya ile 140/90 ya hospitali, kwa sababu nyumbani mtu ametulia. Ikitokea namba ya juu imefika 180 au ya chini 120, mama akae kimya dakika tano arudie. Ikiwa bado iko hukohuko lakini hana dalili yoyote, anayepokea anampigia daktari siku hiyohiyo. Ikiwa kuna dalili yoyote kati ya hizi, kifua kuuma, kushindwa kupumua vizuri, kichwa kuuma vibaya sana kwa ghafla, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri simu ya mtu, ni hospitali. Na mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakianza kuburuzika usipoteze hata dakika kutafuta mashine, hata presha ingesoma 120/80 huyo anapelekwa hospitali.

Upande wa chini pia upo, wazee wanaomeza dawa za presha wanaweza kushuka. Chini ya 90/60 na kizunguzungu, alale chali, miguu iinuliwe kwa mto, daktari apigiwe kabla ya dozi inayofuata.

Andika pia mambo YASIYOFANYWA. Hakuna kumeza vidonge viwili badala ya kimoja kwa sababu presha imepanda, hakuna kuazima dawa ya presha ya jirani, na ile tabia ya kumwekea mgonjwa dawa ya presha iitwayo nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke haraka iacheni kabisa, inaweza kuishusha presha kwa kasi mpaka ubongo na moyo vikakosa damu.

HATUA YA 3: Sasa nunua mashine

Nunua ya mkono wa juu, yaani mkanda unafungwa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono zinapotosha kirahisi mkono usipokaa sawasawa na moyo, na saa za mkononi zinazodai kupima presha bila mkanda wowote usimpangie mzazi dawa kwa namba zake. Kuna orodha ya kimataifa inaitwa STRIDE BP, ipo bure mtandaoni, inaonyesha modeli zilizopimwa usahihi wake kitaalamu, ingia na jina la modeli liangalie kabla hujalipia, angalia modeli na sio kampuni peke yake maana kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyopimwa na nyingine haijapimwa.

Kitu cha pili ni saizi ya mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 mpaka 32, na mama zetu wengi wenye miili mikono yao inazidi hapo, mkanda ukimbana namba inapanda ya uongo na mama anaongezewa dawa asiyoihitaji. Kuna mikanda mikubwa ya mpaka 42, uliza, na saizi huwa imeandikwa kwenye mkanda wenyewe.

Mengine ya haraka haraka: iwe inatumia betri za kawaida zinazopatikana duka la pale kijijini, iwe na kumbukumbu ya vipimo, namba zake ziwe kubwa. Ya Bluetooth inayotuma yenyewe kwenye simu ni nzuri kama nyumbani kuna simu janja na mtu wa kuiendesha, kama hakuna usijisumbue, meseji ya kawaida ya kitochi inafanya kazi hiyohiyo na inapita hata mtandao ukiwa dhaifu.

Ukishainunua weka tarehe na saa sahihi hukohuko dukani au nyumbani kwako kabla hujaituma, maana kumbukumbu isiyo na tarehe sahihi haina faida. Halafu chukua plasta nyeupe bandika pembeni ya skrini, pale kwenye SYS andika JUU, kwenye DIA andika CHINI, na chini kabisa MAPIGO. Bila hivyo utaletewa meseji ya "76 kwa 148" ubaki unakuna kichwa ipi ni ipi.

Siku ya kwanza ya kliniki mashine iende pamoja na mama, apimwe kwa mashine yenu na kwa ya hospitali zikifuatana dakika chache, zikipishana sana na mara kwa mara msiitumie mpaka mjue tatizo. Mrudie hivyo angalau mara moja kwa mwaka.

HATUA YA 4: Kupima kwenyewe

Hapa naomba usome taratibu maana namba mbaya ni mbaya kuliko kukosa namba.

Mama ameamka, ameswali au amesali, ameenda kujisaidia haja ndogo. Hajanywa chai wala kahawa, hajachota maji, hajafagia uwanja, hajameza dawa. Kama kuna kitu kimoja ameshakifanya hapo basi apumzike nusu saa. Anakaa kwenye kiti chenye egemeo, sio kigoda wala ukingo wa kitanda, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini haijapishana. Kama ana miguu mifupi na kiti ni kirefu weka tofali au kigoda chini ya nyayo. Mkono unalazwa juu ya meza, meza ikiwa fupi weka mto juu yake mpaka mkanda ukae usawa wa moyo, mkono ukining'inia namba inapanda.

Nguo. Dera lenye mkono wa kubana usilivutie juu likawa kamba kwenye bega, bora atoe mkono mmoja nje kabisa ajifunike kanga. Mkanda unafungwa kwenye ngozi, ukingo wake wa chini uwe vidole viwili hivi juu ya kunjo la kiwiko, mrija uelekee chini kwa upande wa ndani wa mkono, na ukishafunga uweze kupenyeza vidole viwili tu. Halafu kimya dakika TANO. Hakuna kuongea, hakuna redio ya kugombana nayo, hakuna mjukuu kumuuliza mboga iko wapi. Ndio abonyeze. Namba ikitoka iandikwe, asubiri dakika moja, apime tena, iandikwe na ya pili. Zote mbili, sio ile nzuri tu.

Jioni kabla ya kulala anarudia vilevile, mara mbili.

Mikono: siku ya kwanza pima yote miwili, ule unaotoa namba kubwa zaidi ndio utumike siku zote, na tofauti ikiwa inazidi 10 kila mara mwambie daktari. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kutolewa tezi za kwapani, au mtu anayesafishwa figo ambaye ametengenezewa mshipa mkononi, mkono huo usifungwe mkanda.

Mashine nyingine zinaonyesha alama ya moyo mapigo yakiwa hayana mpangilio. Ikitokea mara moja rudia, ikiwa inatokea mara kwa mara hiyo ni taarifa ya daktari hata kama presha ni nzuri, kwa sababu mapigo ya namna hiyo yanaweza kutengeneza damu iliyoganda na kuleta kiharusi, na pia mashine hizi zinakosea zaidi kwa mtu mwenye mapigo hayo kwahiyo pima mara tatu badala ya mbili.

Usipime presha kila siku mwaka mzima, meseji ya asubuhi ndio ya kila siku. Wiki moja ya siku 7, asubuhi na jioni, wakati dawa mpya imeanza au kliniki inakaribia, unatupa vipimo vya siku ya kwanza (mtu bado ana wasiwasi na mashine) unachukua wastani wa siku 6 zilizobaki. Huo wastani ndio daktari anaufanyia kazi, sio kipimo kimoja cha siku alipogombana na kaka yake. Presha ikishatulia mara moja moja kwa wiki inatosha, na wiki nzima kabla ya kliniki. Wapo wazee wanapima mara kumi kwa siku, kila namba inawatia hofu na hofu inaipandisha inayofuata, huyo mashine akae nayo mjukuu.

HATUA YA 5: Meseji iweje

Iwe fupi na iwe na umbo moja kila siku, ili hata anayepokea akiwa kwenye daladala aelewe kwa jicho moja. Sisi nyumbani ni hivi:

ASB 148/92, 144/90, mapigo 76. Sukari 7.8 hajala. Dawa bado. Mzima.

Ile "dawa bado" au "dawa tayari" isikosekane, maana nusu ya presha zinazopanda ukifuatilia utakuta dawa ziliisha siku nne zilizopita na mama hakutaka kukusumbua hela. Na lile neno la mwisho, mzima, au kizunguzungu, au miguu imevimba, usilidharau, lina uzito kuliko namba.

Kama simu ina kamera bora picha ya skrini kuliko kuandika. Watu wanapenda kuzungusha namba, 148 inakuwa 150 au inakuwa 140, na wapo wazazi wanaotuma namba nzuri ya kumfurahisha mtoto. Usimgombeze ukigundua, ukienda likizo fungua kumbukumbu ya mashine ulinganishe na daftari, halafu mwambie taratibu kwamba namba ya kweli ndio inayomsaidia daktari. Ukigomba mara moja tu hutaletewa tena namba mbaya, na namba mbaya ndio unayoihitaji.

Weka saa. Kwetu meseji ya asubuhi inatakiwa ifike kabla ya saa 3. Ikifika saa 4 haipo, anayepokea anapiga simu. Simu haipokelewi, anapigiwa jirani aliyekubaliwa tangu mwanzo, aende mpaka mlangoni amwone mama kwa macho. Hii ya ukimya watu hawaiwekei utaratibu kabisa, wanasubiri namba kubwa ndio washtuke, wakati mtu aliyeanguka chooni usiku hatumi namba yoyote. Na vocha tuma wewe, kila wiki, usisubiri uombwe.

Ukishaipokea meseji, JIBU, hata neno moja, "nimeona mama, leo nzuri, meza dawa". Mtu akituma mwezi mzima bila jibu anaacha, na yuko sahihi kuacha.

SUKARI

Kama mzazi ana kisukari hapa napo pana kazi yake. Anawe mikono kwa maji na sabuni akaushe kabisa kabla ya kuchoma, asiseme mikono yangu misafi, ukimenya embe na juisi ikabaki kwenye kidole mashine inaisoma hiyo sukari ya embe na utaona 15 ya uongo. Achome pembeni mwa kidole sio katikati, panauma kidogo zaidi katikati, na abadilishe vidole. Kopo la stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, lifungwe palepale baada ya kutoa moja, unyevu unaziharibu, na tarehe ya mwisho iangaliwe. Sindano ni ya mtu mmoja, haziazimwi, na zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipelekwe zahanati.

Angalia kipimo kinasoma kwa namna gani, mashine nyingi za hapa kwetu zinasoma milimoli (mmol/L), baadhi miligramu (mg/dL), ukitaka kutoka milimoli kwenda miligramu zidisha kwa 18. Lengo la watu wazima wengi kabla ya kula ni milimoli 4.4 mpaka 7.2, wazee huwa wanaruhusiwa juu kidogo, daktari aseme. Chini ya 3.9 ni hatari ya sasa hivi, sio ya kesho: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida kama mililita 150 (sio ile isiyo na sukari), subiri dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimwekee kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu, hospitali. Mashine ikiandika HI badala ya namba maana yake imezidi uwezo wa kupima, hiyo ni hospitali pia, na ikiandika LO ni vilevile kama chini ya 3.9 ila mbaya zaidi, sukari kwanza ndipo simu.

Saa na pete zinazouzwa mtandaoni eti zinapima sukari bila kuchoma, Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo watu wasizitumie, ikasema haijaidhinisha hata moja. Usimtumie mama yako hizo.

Mwezi wa Ramadhani hapa pwani mpango wote wa saa unabadilika, mzazi mwenye sukari anayetaka kufunga amwone daktari kabla mwezi haujaingia dozi zipangwe upya kati ya futari na daku, na ajue kuchoma kidole kupima haifai kuachwa kwa kuogopa funga, wanazuoni wengi wameshasema haifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapohapo.

OKSIJENI, PUMZI NA UZITO

Kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni ya damu sio kila mzazi anakihitaji, ni kwa mwenye mapafu au moyo, au anayeugua kifua wakati huo. Kawaida ni asilimia 95 kwenda juu, 90 mpaka 94 piga simu kwa daktari, chini ya 90 hospitali, isipokuwa mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambaye daktari amempa namba yake. Kidole kiwe cha moto, mkono umetulia, subiri mpaka namba itulie. Mama zetu wa pwani wanapenda piko, ile nyeusi kwenye kucha na vidole inaweza kuzuia mwanga wa kidude, rangi ya kucha nayo hivyohivyo, tafuta kidole kisichopakwa au tumia cha mguu.

Na kuna hili ambalo linatuhusu sisi watu weusi moja kwa moja: Desemba 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vidude hivi vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, mwanga wake unachanganywa na rangi ya ngozi. Kwahiyo kwa sisi 93 inayoonekana inaweza kuwa chini zaidi ya hapo, na mtu anayehema kwa shida usimwache nyumbani kwa sababu kidude kimesema 95.

Ndio maana nasisitiza kuhesabu pumzi, ni bure. Mama amekaa ametulia, mjukuu anaangalia kifua au tumbo likipanda, anahesabu dakika nzima kwa saa ya simu bila kumwambia anahesabiwa, maana akijua anabadilisha. Mtu mzima ni 12 mpaka 20. Ikifika 25 akiwa amekaa tu, hiyo ni dalili kubwa hata kama vingine vyote vizuri.

Uzito ni kwa mgonjwa wa moyo. Mzani uleule, sakafu ngumu, asubuhi baada ya kukojoa kabla ya kula, nguo nyepesi zilezile. Kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 sio unene, ni maji yanajaa mwilini, na yanaonekana kwenye mzani siku kadhaa kabla hajaanza kukosa pumzi usiku. Hapo daktari anaweza kurekebisha dawa ya kukojosha kwa simu, na ukichelewa ni kulazwa.

Kama nyumbani kuna mjamzito mashine hiyohiyo inaweza kumfaa kama modeli yake imepimwa usahihi kwa wajawazito pia, ila kwake sheria ni kali zaidi, baada ya wiki ya 20 presha ikifika 140/90 aende kliniki siku hiyohiyo, 160/110 au kichwa kuuma sana, macho kuona nyota, maumivu juu ya tumbo, ni dharura. Tanzania kuna mfumo wa m-mama, piga 115 bure wanapanga usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua na kichanga.

SIRI YA MGONJWA

Vipimo vya mama visiende kwenye grupu la ukoo lenye watu sabini. Kwanza ni heshima yake, mtu mzima hataki wakwe na majirani wajue sukari yake ya asubuhi, pili kila mtu anageuka tabibu, huyu anasema kitunguu saumu, yule anasema aache dawa anywe mlonge, na mama anasikiliza. Tengeneza grupu dogo la wanaohusika tu. Kisheria pia taarifa za afya ni taarifa nyeti, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, kwahiyo programu ya simu inayokuomba jina, namba ya kitambulisho na orodha ya namba za watu wako wote ndio ikuhifadhie presha, achana nayo. Daftari la shule la kurasa 48 halimuuzii mtu taarifa.

SIKU YA KLINIKI

Usimpelekee daktari simu yenye meseji 200 aanze kupekua, ana foleni ya watu nje. Andika ukurasa mmoja: wastani wa asubuhi, wastani wa jioni, kipimo kikubwa kabisa na kidogo kabisa na siku zilipotokea, siku ambazo dawa zilikosekana na kwa nini, dalili alizolalamikia, majina ya dawa zote anazomeza pamoja na za kununua mwenyewe. Hizo za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zitajwe, zinapandisha presha na kuumiza figo, na wazee wetu wanazimeza kila siku kwa ajili ya magoti bila kuzihesabu kama dawa.

Uingereza walifanya utafiti uliotoka 2018 wa wagonjwa 1,182 wa presha, ambao madaktari wao walipanga dozi kwa kutumia vipimo vya nyumbani presha zao baada ya mwaka zilikuwa chini kuliko waliopimwa kliniki peke yake, na mashine zilikuwa hizihizi za kawaida. Kwahiyo ukurasa wako ukiwekwa pembeni bila kusomwa, uliza kwa upole, "daktari, wastani wa nyumbani ni 143 kwa 88 na dawa anameza zote, tunabadilisha kitu au tunaendelea hivihivi?" Usitoke hapo bila jibu, na likishatoka rudi na namba mpya kwenye ile karatasi ya ukutani, ile ya zamani ichanwe ili wiki ijayo mjukuu asije akasoma maelekezo mawili tofauti.